Mwaka wa Kusikiliza Pumzi za Bupe

Kama mtoto wako anakoroma na watu nyumbani wanacheka, naomba usicheke nao. Mimi nilicheka karibu mwaka mzima. Nilifikia hatua ya kuwaita majirani waje wasikie, maana binti yangu wa miaka minne alikuwa anakoroma kumshinda baba yake, na baba yake ni mtu ambaye akilala hata mbwa wa nyumba ya pili wanaamka. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita mteja mmoja, wakati nampima gauni, aliniambia huku akicheka kwamba mwanawe akilala anakoroma kama mzee. Futi ikaniponyoka mkononi. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja na kumsimulia yote, na kesho yake akampeleka mtoto hospitali.

Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole. Kibanda changu kiko hatua chache tu kutoka barabara kuu, na nyumba tunayoishi iko nyuma yake. Kwetu ni Kilolo, Iringa. Mume wangu ni Mnyakyusa, fundi wa malori, na mama yake tunaishi naye. Bupe ni mtoto wetu wa kwanza, na jina alipewa na huyo bibi yake. Kwa Kinyakyusa maana yake ni zawadi.

Zawadi yenyewe ilizaliwa ndogo. Alipokuwa na miezi minane, mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulishuka ukagusa nyekundu. Nesi aliyekuwa zamu siku hiyo aliinua kadi yangu juu, mbele ya kina mama wote waliojaa kwenye mabenchi, akasema, "Jamani, mkoa umejaa viazi, ndizi, mahindi na maziwa, halafu mama analeta mtoto mwekundu. Mnakula wenyewe?" Watu wakacheka. Nilifika nyumbani nikiwa nimevimba macho, na mama mkwe, badala ya kunipoza, akasema labda huko Kilolo hawafundishwi kulisha. Mimi ni mtu wa mdomo, lakini siku hiyo nilikwenda jikoni nikawasha moto.

Tangu siku hiyo nililisha kwa hasira. Uji wa lishe wenye siagi ya karanga, maziwa, ndizi, viazi vya kukaanga, maandazi, na kikombe kingine cha maziwa kabla ya kulala hata kama tumbo limejaa. Akikataa nilimshika pua. Mstari ukapanda, ukatoka nyekundu, ukapita kijani, ukaendelea kupanda. Kadi ile ina mstari wa juu pia, lakini hakuna aliyewahi kunisimamisha mbele ya watu kwa ajili ya mstari wa juu. Walinipongeza. Mama mkwe alianza kumbeba Bupe kwenda naye kanisani kumwonyesha, mpaka akawa hawezi tena kumbeba.

Kucheza nje hakukuwepo. Malori yanapita mlangoni kwetu saa zote, na mtoto wa jirani aligongwa na bajaji akavunjika mguu. Basi Bupe akawa anakaa nami kibandani, juu ya rundo la vipande vya vitenge, na simu yangu mkononi akiangalia katuni. Nilijiona mama mwenye akili. Mtoto yuko salama, ana joto, ameshiba, halii.

Mwaka alipotimiza miaka minne alianza chekechea. Haukupita muda mwalimu akaniita. Bupe alikuwa analala darasani kabla hata ya kipindi cha kwanza kuisha, na akiamshwa anapiga wenzake. Nyumbani alianza tena kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha. Mara mbili alisinzia na kijiko mdomoni. Mama mkwe alisema ni kukua, baba yake akasema ni baridi. Mimi nikasema ni uvivu nikamchapa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote katika habari hii.

Ilikuwa msimu wa baridi, ule wa Juni na Julai ambapo Uyole maji ya ndoo yanauma vidole, nikamhamishia kitandani kwangu tupate joto. Hapo ndipo nikasikia kitu ambacho ukuta ulikuwa unanificha. Alikuwa anakoroma, anakoroma, halafu ananyamaza. Si kunyamaza kwa mtu aliyegeuka akalala vizuri. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu, shingo imekakamaa, lakini hakuna sauti na hakuna hewa kwenye kiganja changu nilichomwekea puani. Kisha akashtuka, akavuta pumzi kwa mlio wa mtu aliyeibuka majini, akaanza tena kukoroma. Nikamwamsha mume wangu. Akasikiliza mara moja, akasema ni mafua.

Kwa miezi mitatu tukatibu mafua. Kituo cha afya, benchi, dawa ya maji, nyumbani. Kituo kingine, benchi, sindano, nyumbani. Kwa Wanyakyusa salamu ya asubuhi ni kuulizana kama umelala. "Ugonile?" mama mkwe aliniuliza kila kulipokucha, nami nikamjibu inavyotakiwa, ilhali nilikuwa nimekesha nikimgeuza mtoto ubavu huu na ubavu ule.

Oktoba tukapata barua ya kwenda hospitali kubwa mjini, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi tukamwona saa nane mchana. Bupe alilala kwenye benchi mapajani kwangu akikoroma, na ukumbi mzima ukageuka kutuangalia. Mama mmoja mwenye mtoto mwembamba akaniambia, "Wako ana bahati, amejaa vizuri." Mwaka mmoja nyuma ningefurahi. Siku hiyo nilitamani kumwambia tubadilishane kadi.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, haongei sana. Alimwangalia Bupe koo kwa tochi, akampima uzito na urefu, akaandika. Kisha akauliza kama tuna video ya mtoto akiwa amelala. Mume wangu akaona aibu. Alikuwa nayo. Aliirekodi ili kuwachekesha ndugu kwenye kundi la Watsap, na juu yake ndugu walikuwa wameweka sura za kucheka mstari mzima.

Daktari akaiangalia bila kucheka. Akairudisha nyuma, akaangalia tena, akasimamisha.

"Hapa mtoto hapumui," akasema.

"Anapumua, daktari," nikamwambia. "Si unaona kifua kinapanda?"

"Kifua kinapanda, mama. Hewa haiingii."

Mume wangu alichukua simu yake akaishika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo sijamsikia akimcheka mtu yeyote aliyelala.

Bupe alikuwa na tonses kubwa kooni zinazokaribia kugusana, na nyama nyuma ya pua, na juu ya hayo mafuta yaliyojaa shingoni. Upasuaji ungefanyika mwisho wa Januari, kwanza kifua kisafike, na mtoto asiongezeke tena uzito. "Sitaki akonde," daktari alituambia, na nayakumbuka maneno yake moja moja. "Nataka asimame hapo alipo, urefu umfikie. Acheze mpaka atoke jasho kila siku. Simu muwekeni mbali. Alale saa ileile kila siku, kwa ubavu. Soda na vitamu viishe. Na asipewe kitu chochote cha kumletea usingizi. Si dawa ya kikohozi, si dawa ya miti shamba, hakuna. Akilala fofofo kuliko kawaida anaweza asishtuke kuvuta pumzi. Mmenielewa?"

Tukasema tumeelewa.

Nyumbani vita ikaanza. "Mwe!" mama mkwe alipiga makofi. "Mtoto anaomba andazi, unampa tango? Kweli una roho wewe?" Nikamwambia roho ninayo, na ndiyo inayotaka mtoto aamke kesho. Akanuna siku tatu. Bupe alilia mbele ya kabati, alijitupa sakafuni, aliniita mama mbaya kwa sauti ambayo wateja waliisikia. Sikumlaumu. Ni mimi niliyemfundisha kwamba kupendwa ni kujazwa.

Jioni baba yake alianza kumtembeza kwenye njia za mashamba, mbali na barabara. Siku ya kwanza walikwenda hatua kama hamsini, Bupe akakaa chini akasema miguu imeisha. Baba yake naye akakaa chini, pale pale kwenye vumbi na ovaroli yake, wakahesabu kunguru mpaka miguu ikarudi. Kila jioni walisogea kidogo zaidi. Nilikuwa nikiwaona wanarudi, yeye ananuka grisi na mtoto amelowa jasho, nikawa napata nguvu ya kuingia kwenye usiku mwingine.

Shule zilipofungwa Desemba tuliamua nimpeleke Kilolo kwa mama yangu. Huko hakuna malori. Kuna milima, watoto wa kaka yangu, na mtandao unaokamata kilimani kanisani tu. Mume wangu alitusindikiza stendi akaniambia, "Mweleze bibi yake kila kitu. Kila kitu, mama Bupe." Nikamwambia ndiyo.

Sikumweleza. Nataka niseme wazi kwa nini, maana najua niko na wenzangu wengi katika hili. Mara ya mwisho mama alipomwona Bupe, mtoto alikuwa mwekundu kwenye kadi, mbavu zinahesabika, na mama alilia njia nzima kurudi kwao. Sasa tulishuka kwenye gari, mama akaja mbio akijifuta mikono kwenye kitenge, akinisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu, kamwene!" Akajaribu kumwinua Bupe, akashindwa, akacheka mpaka machozi. "Huyu sasa ndiye mtoto! Njooni muone, mjukuu wangu ameshiba!" Nilikuwa nimeingoja furaha ile usoni mwake kwa miaka mitatu. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba kile anachokishangilia ndicho kinachomkaba mtoto?

"Amekuja kucheza tu, mama," nikasema. "Mwalimu kasema anakaa sana."

Wiki mbili zilikwenda vizuri mpaka nikaogopa kufurahi. Siku ya kwanza Bupe alibebwa kutoka mtoni. Siku ya kumi alipanda mwenyewe na kidumu chake cha lita moja, anahema, mashavu mekundu, anawafokea binamu zake wamsubiri. Alikula alichokula kila mtu, ugali, maharage na mboga za majani. Saa mbili usiku alikuwa amelala. Ila kukoroma na kukabwa kulikuwa kulekule, na mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake nikimwekea mto mgongoni asilale chali. Mama aliponiuliza mbona silali, nikamwambia nimezoea kelele za mjini. Uongo mmoja unaita mwingine.

Mvua zilikuwa zimeanza, na kwetu huo ndio msimu wa ulanzi, kinywaji cha mianzi. Mianzi inagemwa asubuhi, na ule wa asubuhi ni mtamu, hata watoto wanapewa. Mimi mwenyewe niliunywa nikiwa na umri wa Bupe, na hakuna aliyeona ni pombe. Lakini ulanzi haukai. Wa asubuhi ukifika mchana umeshaanza kuchachuka, na kila mtu aliyezaliwa Kilolo anajua hivyo, mama yangu akiwemo na mimi nikiwemo. Ndiyo maana siwezi kujificha nyuma ya kutojua.

Siku moja baada ya wiki hizo mbili nilikwenda palizi upande wa pili wa bonde nikamwacha Bupe na mama. Mvua ikapiga, nikakimbilia nyumbani, ikapata kama saa tisa. Nilipofika uani nikasimama. Kwa miezi ile nilikuwa nimejua kumsikia mwanangu nikiwa nje ya nyumba, na sikusikia kitu.

Nikaingia jikoni. Mama ameketi anapukuchua mahindi. Bupe amelala chali kwenye mkeka karibu na moto, amefunikwa blanketi.

"Shh," mama akanipa tabasamu. "Leo amelala vizuri. Hakoromi hata kidogo."

Nilivuta blanketi. Mdomo wazi, kifua kimebonyea chini ya mbavu, kinavuta na hakuna kinachoingia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamwinua nikamkalisha, kichwa kikaanguka mbele. Nikamwita, nikamtikisa, nikampiga mgongoni, nikamwita tena kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Sijui ni muda gani. Wakati ule ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kumzaa. Kisha akavuta, mara moja, kwa mlio ule wa mtu aliyeibuka majini, na macho yakafunguka nusu yakafunga tena. Nikasikia harufu kwenye pumzi yake.

"Umempa nini, mama?"

"Kaulanzi tu. Katamu, kikombe kimoja. Alikuwa anasumbua, ana usingizi halali. Si ndivyo tulivyokulaza wewe?"

"Mama, atakufa!"

Hakuniuliza kwa nini. Alitoka kwenye mvua bila viatu, na umri ule, akapanda kilima kwenda kutafuta bodaboda. Mimi nilibaki nimemkumbatia Bupe nimemsimamisha wima, kila akinyamaza namfinya. Nilimfinya mpaka akabaki na alama. Tulikwenda kituo cha afya watatu kwenye pikipiki moja, tope linatuyumbisha, mtoto katikati, na dereva akiendesha anasali kwa Kihehe.

Walimwekea oksijeni. Tabibu, kijana mtulivu, akauliza, "Mtoto ana tatizo gani la siku zote?" Mama alikuwa amefika nyuma yetu na pikipiki nyingine, amelowa, amesimama mlangoni. Ikabidi niyaseme yote mbele yake kwa mara ya kwanza. Kukabwa usingizini. Tonses. Uzito. Tarehe ya upasuaji. Na lile katazo la kumlaza kwa kitu chochote.

Mama akakaa sakafuni.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na ukaniachia mtoto bila kuniambia."

Nikainama nikamfunika Bupe miguu.

"Ulinionea aibu mimi?"

"Nilijionea aibu mwenyewe, mama."

Alijifunika uso kwa kitenge chake kilicholowa. Mama yangu ni mwanamke aliyezika mume na watoto wawili bila kupiga kelele, na siku hiyo alilia kwa sauti mbele ya wagonjwa. Nilikuwa nimefanya hivyo mimi, si ulanzi.

Bupe aliamka jioni, akaiona ile mipira puani, akataka kuing'oa. Akasema ana njaa. Sijawahi kusikia neno zuri kama lile.

Walituhamishia hospitali Iringa mjini siku mbili. Mume wangu alinipigia kelele kwenye simu, mara ya kwanza tangu tuoane, kisha akapanda basi akaja. Alipofika alimsalimia mama yangu kwa kupiga magoti, akamshukuru kwa kukimbilia pikipiki. Mimi hakuniambia neno kwa siku nzima, na alikuwa na haki.

Kilichonishangaza ni mama mkwe. Nilirudi Uyole nimejiandaa kusemwa. Alinikuta jikoni, akafunga mlango, akatoa mfuko chini ya kitenge chake. Ulikuwa na maandazi. "Nilikuwa nampa kila mkifumba macho," akasema. "Tangu Oktoba. Nilikusema wewe kwa sababu amekonda, ukamnenepesha kwa ajili ya mdomo wangu. Nayatupa, ushuhudie." Akayatupa kwa kuku. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo, lakini kuanzia hapo zamu za usiku tuligawana.

Daktari alisoma barua ya Iringa, akauwahisha upasuaji kwa wiki mbili. Akampima Bupe. Uzito ulikuwa uleule wa Oktoba. Urefu umeongezeka kidogo, kama upana wa kidole. "Mmefanya kazi," akasema, na mimi nikaangalia pembeni.

Asubuhi ya upasuaji hakuruhusiwa kula wala kunywa. Alilia uji mpaka akachoka. Daktari wa usingizi alikuja kutuambia, bila kuzungukazunguka, kwamba mtoto wa uzito huu na koo la namna hii wangemwangalia kwa karibu zaidi wakati wa kumlaza na wakati wa kumwamsha. Kumlaza na kumwamsha. Mambo mawili ambayo mwaka mzima yalikuwa yananitia jasho, sasa yalikuwa yanafanywa nyuma ya mlango nisioruhusiwa kuupita. Bupe alichukuliwa mikononi mwa nesi, akanipungia mkono kwa sababu nesi alimwambia apunge.

Kuhusu kungoja sitaki kusema mengi. Kulikuwa na benchi la mbao, na mume wangu akitembea kutoka dirishani hadi kwenye ndoo ya kunawia, akirudi. Mlango ulifunguka mara tatu, na kila mara alikuwa mtu anayetafuta kitu kingine. Mara ya nne daktari akatoka akashusha barakoa. "Ameamka," akasema. "Analia."

Kwa watakaopitia hapo, mjue kwamba siku zinazofuata ni ngumu. Alikataa kumeza, hata mate aliyaachia yakamchuruzika kwenye kanga. Mdomo ulinuka vibaya. Tuliambiwa tukiona damu tukimbie, kwa hiyo kila akikohoa tulikuwa tunawasha taa kumwangalia ulimi. Uji wa baridi, kijiko kimoja, kilio, kijiko kimoja. Siku ya sita aliniomba maji mwenyewe.

Lakini usiku ule wa kwanza wodini ndio sitausahau. Alilala kwa ubavu, mdomo umefungwa, na hakukuwa na sauti. Nikaona amekufa. Nikaweka shavu langu kwenye pua yake. Hewa ilikuwa inatoka, ya moto, polepole. Nikakaa. Nikaogopa tena. Nikarudi puani. Mara ya tano au ya sita akanisukuma uso kwa kiganja, akasema kwa kisauti kilichokwaruzwa, "Mama, unanipumulia."

Sasa ni Julai, baridi imerudi. Bupe bado ni mnene, nisiwadanganye. Daktari anasema tuendelee vilevile, itachukua miaka, na mwili utajipanga. Anakwenda shule kwa miguu na bibi yake wa hapa nyumbani, upande wa ndani mbali na barabara. Kitanda kikavu. Mwalimu ananiita tena, safari hii kwa sababu anaongea sana darasani. Simu yangu ameisahau kiasi, si kabisa. Anapenda kukimbiza kuku, na kuku wa majirani wamekonda kwa ajili yake.

Mama yangu hakuja kumwona. Kila nikimpigia alisema ana kazi, mara mahindi, mara kuku, mara goti. Hakumtaja Bupe kwa jina, alisema tu "wote hawajambo?" Nikampigia mwezi uliopita nikamwambia kama haji, nakuja kumchukua na bodaboda ileile. Akaja. Alikaa sebuleni na kikombe chake, akimwangalia Bupe anavyoruka, na hakumgusa. Ilipofika saa mbili, Bupe akachukua mto wake, akatangaza kwamba yeye analala na bibi wa Kilolo. Mama akaniangalia mimi.

"Nenda naye, mama," nikasema.

Nililala nikashindwa. Baada ya muda nikainuka, nikasukuma mlango wao taratibu. Bupe alikuwa amelala kwa ubavu, mguu mmoja nje ya blanketi. Mama alikuwa ameketi kitandani na sweta lake na kilemba chake, mgongo umenyooka ukutani, kiganja chake kiko kwenye kifua cha mtoto. Taa ya simu yake ndogo inawaka miguuni.

"Rudi ukalale, mwanangu," akaninong'oneza. "Mimi nipo. Sifumbi jicho."

Mwaka mzima watu waliniuliza anaendeleaje, na mwaka mzima nilijibu anaendelea, tunamshukuru Mungu. Lile neno lingine nilikuwa sijalitamka hata kwa mume wangu, niliogopa kuliharibu.

Nikaenda nikamtoa mama kiganja pale kifuani, nikamvua kilemba, nikamfunika blanketi mpaka mabegani.

"Lala na wewe, mama," nikamwambia. "Bupe amepona."